Namna ya Kumzungusha Mteja kwa Kidole Kimoja

Zamani kumzungusha mtu ilikuwa kazi ya jasho. Karani wa masjala alihitaji dirisha lenye nondo, rundo la mafaili, kikombe cha chai na sauti ya uchovu. Mwananchi alifika saa mbili asubuhi akaambiwa mhusika hajafika. Akarudi saa tano akaambiwa mhusika ametoka. Akarudi saa tisa akaambiwa njoo kesho, na picha mbili za pasipoti. Karani mwenye bidii aliweza kuwazungusha watu kumi kwa siku, na jioni alikuwa hoi. Leo kijana mmoja mwenye kompyuta mpakato anazungusha watu milioni kwa mpigo, naye yuko nyumbani kavaa kaptula.

Kazi hiyo ina jina zuri: ubunifu wa tajiriba ya mtumiaji. Jina lenyewe lina baba yake. Mwaka 1993 Don Norman, msomi wa saikolojia, alipoingia Apple alijipachika cheo chenye maneno hayo, kwa kuwa aliona kuzungumzia skrini peke yake hakutoshi. Alitaka kuhesabu kila kitu, hata boksi la kompyuta linavyoingia au kukataa kuingia kwenye gari la mnunuzi. Miaka mitano nyuma, mwaka 1988, mzee huyohuyo alikuwa ametoa kitabu ambacho ndani yake alishughulika sana na milango: kwa nini watu wenye akili zao husukuma mlango wa kuvutwa. Aliulaumu mlango. Hakumlaumu mtu.

Mwongozo huu una msimamo tofauti kidogo. Umeandikwa kwa ajili yako, ndugu mbunifu, uliyeajiriwa mwezi uliopita na kupewa wiki sita za kuibadilisha programu ya simu iliyokuwa ikifanya kazi. Fuata hatua hizi tatu fupi.

Hatua ya 1 kati ya 3: Mteja asisome

Mteja akisoma ataelewa, na akielewa atauliza makato. Kwa hiyo shughulika na maandishi kwanza.

Wataalamu wa kurasa za mtandaoni waliweka kanuni kwa ajili ya watu wenye uoni hafifu: maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu chepesi juu ya nyeupe hakifiki hapo, ndiyo maana kinapendwa. Kinaonekana cha kistaarabu. Ukikionyesha kwenye skrini kubwa ya ofisini, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, na kila aliyekaa mezani ana miaka ishirini na saba, kitasomeka vizuri tu. Usikipeleke Kariakoo saa sita mchana, kwenye simu yenye ufa ulioanzia kona ya juu ukashuka mpaka kwenye kitufe cha kutuma. Huko utapata maoni, na maoni huchelewesha uzinduzi.

Halafu kuna suala la fasheni, maana mitindo hii hugeuka kama vitenge. Wanaokumbuka iPhone na iPad za zamani wanakumbuka kalenda iliyoshonwa kama ngozi, daftari la karatasi ya njano, na vitabu vilivyopangwa kwenye rafu ya mbao. Mbao haikuwa mbao, lakini hata mtoto alijua pale ni mahali pa kuweka kitabu. Mwaka 2013 ikaja iOS 7, ngozi na mbao vikafagiliwa, kila kitu kikawa bapa kama chapati. Vitufe vilipoteza kingo zao, na watu wakaanza kubofya maneno kwa kubahatisha, lipi ni kitufe na lipi ni maelezo. Juni 2025 Apple hiyohiyo ikatangaza Liquid Glass: sasa vitufe ni matone ya kioo, na kilicho nyuma kinaonekana mbele. Watu wakalalamika kwamba hawasomi. Kabla mwaka haujaisha, toleo la 26.1 likaleta mpangilio wa kukitia kioo rangi ili kisipitishe sana.

Tazama ufundi huo, uuandike daftarini. Unatoa kioo. Kisha unatoa njia ya kukifanya kioo kisiwe kioo sana. Kisha ile njia unaiweka ndani ya mipangilio, mahali ambapo anayeihitaji hawezi kufika kwa sababu hasomi.

Wewe huna haja ya kujua sababu za kioo. Iga. Kama programu yako ni ya SACCOS ya wafugaji, weka kioo. Salio la mwanachama lielee juu ya picha ya ng'ombe, na ng'ombe aonekane kupitia salio.

Hatua ya 2 kati ya 3: Ficha vitu, kisha vihamishe

Mwaka 1981 kompyuta iitwayo Xerox Star ilitoka ikiwa na alama ndogo ya mistari mitatu, iliyochorwa na Norm Cox. Alikuwa akichora mfano wa orodha, mistari juu ya mistari, na kwa nafasi aliyopewa hakuweza kuchora zaidi. Alama ile ikalala miaka mingi mpaka simu janja zilipokuja na vioo vyake vidogo, ikafufuliwa, ikawa ghala la kila kitu ambacho kampuni haikutaka kukionyesha. Waingereza wanaiita kwa jina la mkate wa nyama. Sisi tunaiita vimistari vitatu, na kwa simu mazungumzo yake huwa hivi:

"Bofya vile vimistari vitatu."

"Vipi?"

"Vya juu, kushoto."

"Kwangu kuna kengele."

"Basi kulia."

"Kulia kuna vidoti vitatu. Vimelala. Vingine vimesimama."

"Umesasisha programu?"

"Imejisasisha yenyewe usiku, imekula na bando."

Hapo umefaulu. Watu wawili wazima wametumia muda wa maongezi wa dakika kumi kutafuta mahali pa kuona salio, na wote wanajilaumu wao: mmoja kwa kutokujua simu, mwingine kwa kutokujua kuelekeza. Hakuna aliyekutaja wewe.

Maneno yaondoe kabisa. Popote palipoandikwa "Tuma pesa" weka ndege ya karatasi. Palipoandikwa "Taarifa ya akaunti" weka kitu kama karatasi iliyokunjwa kona. Na kila sasisho lihamishe angalau kitu kimoja ambacho watu walikuwa wamekizoea. Mangi wa dukani kwetu chumvi yake iko rafu ya pili, karibu na viberiti, tangu tunavaa kaptula za shule. Mtoto wa miaka sita anatumwa usiku, anaonyesha kidole, anapewa, anarudi na chenji. Hakuna mahali popote duniani Mangi huyo amepewa tuzo ya ubunifu.

Hatua ya 3 kati ya 6: Benchi

Samahani, hatua zimeongezeka. Mteja wako naye ataona hivyohivyo kwenye fomu ya kujisajili: mtu aliyekwisha kuandika jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA tarakimu ishirini hawezi kuiacha fomu njiani, itamuuma.

Hatua hii ni fupi. Mtandao ukiwa mzito, usimwambie mteja kwamba mtandao ni mzito. Mwonyeshe maboksi ya kijivu yanayometameta, umbo la habari zitakazokuja. Ni lile benchi la nje ya ofisi ya karani. Ukishakalishwa kwenye benchi unahisi umeanza kuhudumiwa.

Hatua ya 4 kati ya 6: Nyota za akili mnemba

Bosi wako amerudi kutoka kongamano. Anataka akili mnemba ndani ya programu kufikia Ijumaa. Usimuulize ya kazi gani. Swali hilo limewakosesha watu vyeo. Chora vinyota viwili vitatu vinavyometameta, ile alama iliyokuwa kwenye pakiti za sabuni kuonyesha sahani zimetakata, uvibandike kila mahali: pa kutafuta, pa kuandika, na juu ya kitufe alichokuwa akikitumia mteja kufanya jambo la maana.

Wazee wa kazi watakukumbusha kile kibanio cha karatasi chenye macho, kilichokuja na Office 97, kilichojitokeza kila ulipoanza barua kutaka kukusaidia kuandika barua. Kilichukiwa dunia nzima, na kufikia toleo la 2007 kilikuwa kimeondolewa. Kosa lake lilikuwa macho. Mtu akitazamwa na kitu anapata cha kukichukia. Vinyota havina macho.

Roboti yako ipe jina la kike la upole, na uifundishe kuwasalimia watu wote "Mambo!" Mzee wa miaka sabini na mbili aliyezoea kuamkiwa shikamoo atabaki ameduwaa, na aliyeduwaa halalamiki. Mazungumzo mazuri yanakwenda hivi:

"Nimekosea namba, hela imeenda kwa mtu nisiyemjua."

"Hongera kwa kukamilisha muamala wako! Ungependa kujua zaidi kuhusu kutuma pesa?"

"Nimekosea namba. Nataka irudi."

"Nakuelewa kabisa. Nimekuandalia makala tatu."

"Naomba kuongea na mtu."

"Niko hapa kwa ajili yako saa 24!"

"MTU."

"Samahani, sijaelewa. Je, ulimaanisha: Mkopo?"

Neno "nakuelewa" lisikosekane kabla ya kila kutokuelewa. Karani wa masjala, pamoja na ubaya wake wote, hakuwahi kudai kwamba anakuelewa.

Hatua ya 5 kati ya 9: Mlango wa kutokea

Tumefika penye ufundi wenyewe, vuta kiti.

Mwaka 2010 Mwingereza Harry Brignull alianza kuzikusanya hila hizi na kuzipa jina la pamoja lenye neno giza ndani yake. Mojawapo aliiita kwa jina la mtego wa mende: mende anaingia bila kubisha hodi, kutoka hatoki. Alikuwa na nia ya kuwaaibisha wahusika. Wahusika wengine walipata orodha ya mazoezi.

Waliolipandisha hadhi zoezi la mtego wa mende ni Amazon. Kujiunga na huduma yao ya Prime ilikuwa mbofyo mmoja au miwili. Kujitoa kulikuwa na jina la ndani ya kampuni: Iliad. Aliyechagua jina hilo alikuwa mtu wa vitabu, kwa maana Iliad ni ule utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, sehemu 24, na vita vyenyewe vilikaa miaka kumi. Serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya biashara, iliwashtaki Juni 2023, na hati ya mashtaka ilihesabu: kurasa nne, mibofyo sita, machaguo kumi na tano, ndipo mtu atoke. Septemba 2025 kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 2.5, bilioni moja faini na moja na nusu ya kuwarudishia wateja, bila kukiri kosa. Usitishike na hizo bilioni. Wewe bado ni mdogo. Anza na mibofyo minne.

Tumia sayansi. Mwaka 1954 Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kukifikia kitu kwa mkono hutegemea umbali wake na ukubwa wake: kilicho kikubwa na karibu hufikiwa upesi. Wabunifu wenye nia njema huisoma kanuni hiyo ili kuvikuza vitufe muhimu. Wewe isome kama Waswahili wanavyosoma mkataba wa nyumba, kutoka nyuma. Kitufe cha kujitoa kiwe kidogo, kiwe mbali, chini kabisa ya ukurasa, baada ya masharti, baada ya nembo, baada ya mahali ambapo mtu mwenye akili timamu huacha kushuka.

Akikifikia, zungumza naye kwa hisia. Weka kitufe kikubwa cha kijani: "NDIYO, NINAIJALI FAMILIA YANGU." Chini yake, kijivu juu ya kijivu: "Hapana, acha tu watoto wangu wakose bima." Mzazi atasita. Kusita kwa sekunde mbili kunatosha, kwa sababu katika sekunde hizo unafungua dirisha jingine.

Hapa lugha yetu imetupendelea. Watafsiri wa programu walichukua neno "ghairi" wakalipa kazi ya kufuta kila kitu, nalo ni neno zuri lisiloshikika, kama kambare. Mteja anataka kughairi kifurushi. Mwandikie: "Una uhakika unataka kughairi?" Mpe vitufe viwili: "Ghairi" na "Endelea." Nimewahi kukaa na mtu mwenye shahada ya pili ya Kiswahili akiutazama ukurasa wa namna hiyo. Kidole chake kilikuwa hewani. "Nikibofya Ghairi," akasema, "ninaghairi kifurushi, au ninaghairi kughairi?" Akabofya Endelea, kwa hoja kwamba anaendelea na nia yake ya kuondoka. Kikaendelea kifurushi. Mpaka leo anakatwa kila tarehe moja, na kila tarehe mbili ananipigia simu kunisomea sarufi.

Hatua ya 6 kati ya 9: Vidakuzi

Mwulize mteja kama anakubali vidakuzi. Atadhani ni wadudu. "Kubali vyote" iwe mbofyo mmoja. Kukataa kuwe safari. Januari 2022 mamlaka ya faragha ya Ufaransa ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook kwa sababu hiyohiyo, kukataa kulikuwa kugumu kuliko kukubali. Kwetu Tanzania sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022, Kenya tangu 2019. Taja sheria hizo kwa heshima kwenye ukurasa wa faragha, kwa herufi za kijivu.

Hatua ya 7 na ya 8 (zimeunganishwa kwa ajili ya urahisi wako)

Ukurasa usiwe na mwisho. Aza Raskin alibuni njia ya kushusha habari bila kikomo mwaka 2006, na tangu hapo amejitokeza hadharani zaidi ya mara moja kusema anajuta. Majuto ni yake, njia ni ya wote. Daladala ina konda wa kupiga kelele "mwisho wa gari!", na hata aliyesinzia anashuka. Programu isiwe na konda.

Na tuma arifa. Ukikosa habari, tuma "Tumekukumbuka." Tuma saa kumi na moja alfajiri, mtu adhani amefiwa.

Hatua ya mwisho (kati ya 11): Omba nyota

Sasa pima mafanikio yako. Nitakupa mfano niliouona kwa macho, ingawa kuona ni neno kubwa kwa usiku ule.

Nilikuwa Mbagala kwa shangazi yangu. Saa mbili usiku LUKU ikaisha: feni ikapunguza pumzi, ikasimama, nyumba ikawa nyeusi. Kwenye friji kulikuwa na samaki wa kesho wa wageni. Shangazi hakushtuka, alikuwa na programu ya kisasa ya kununulia umeme, aliwekewa na mwanawe. Akaifungua. Ikacheza kwanza nembo yake, ikizunguka. Ikamtaka asasishe. Akasasisha. Ikamtaka aingie upya, ikamtumia namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi; alipotoka kwenda kuzisoma kwenye ujumbe, aliporudi programu ikawa imeanza mwanzo, nembo ikizunguka. Mara ya tatu alizikariri. Ndani, ikamkaribisha kwenye mwonekano mpya, ikamwonyesha kwa mishale vitu vinne alivyokuwa akivijua. Kwa kuwa ni mtindo, yote hayo yalikuwa kwenye hali ya giza, maandishi kama majivu juu ya weusi, kwa hiyo simu haikufaa hata kwa tochi.

"We mtoto, umeme umeandikwa wapi hapa?"

"Tafuta taa, shangazi. Balbu."

"Balbu ipo. Nimeibofya. Imeniambia Mambo."

Ile balbu ilikuwa msaidizi wa akili mnemba.

Shangazi akafyonza. Akaitoka programu, akapiga nyota, namba tatu, nyota, namba mbili, reli. Likaja lile boksi jeupe lenye maandishi meusi, orodha yenye namba, moja mpaka nane, ambalo halijabadilika sura tangu mjomba angali hai. Halina picha, halitaki bando, halikusalimii. Akajibu nne, akajibu moja, akaingiza namba ya mita ambayo anaijua kuliko siku yake ya kuzaliwa, akaandika elfu kumi, akaweka namba ya siri huku ameuficha mkono dhidi yangu, gizani. Ujumbe ukaingia. Akanisomea tarakimu ishirini, nne nne, nami nikizibonyeza kwenye kidude cha ukutani kwa mwanga wa lile boksi jeupe. Ya kumi na saba nilikosea, tukaanza upya. Feni ikavuta pumzi.

Tukiwa tunakagua samaki, simu yake ikalia. Ilikuwa ile programu: imefurahi sana kumhudumia leo, je, angependa kuipa nyota ngapi? Nyota tano kubwa za dhahabu zilijaza skrini. Penye "Baadaye" palikuwa na kioo.

Akabofya, akaitupa simu kwenye kochi.

"Umeipa ngapi, shangazi?"

"Tano. Ningeitoaje pale?"